Siku Lituhi Ilipohamishiwa Mlimani

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa milimani na wa ziwani, wenye kusoma na wenye kusomewa, kwamba kuanzia leo hakuna mtu katika wilaya hii atakayegundua jambo lolote bila kupimwa.

Tangazo hilo lilisomwa Mbinga siku ya gulio, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landirova ya serikali. Aliyelisoma ni Ndugu Osward, Katibu wa Kamati ya Wilaya ya Tathmini ya Utafiti na Mitambo Inayochipukia. Alilisoma vizuri, bila kukohoa. Alipofika kwenye neno "inayochipukia", mama mmoja muuza maharage akauliza mitambo hiyo hupandwa mwezi gani. Osward akamjibu kwa upole kwamba swali hilo litajibiwa katika kikao kijacho, na kweli liliwekwa kwenye ajenda, chini ya Mengineyo.

Haja ilikuwepo, mtu asidhani watu walikurupuka. Kabla ya kamati, utafiti wilayani ulikuwa unazurura kama mbuzi wa mjane. Watu walikuwa wanagundua mambo shambani, wanagundua ziwani, wengine hata jikoni, na serikali haina habari. Ndipo ukaja waraka kutoka mkoani. Utafiti wote upimwe kwa kipimo kimoja kisicho na upendeleo. Utakaofaulu utahudumiwa na kompyuta, ambayo itakuja kwa meli. Utakaofeli ung'olewe mara moja, rasilimali za taifa zisipotee.

Osward alipewa ukatibu kwa sababu katika wilaya nzima ni yeye peke yake aliyewahi kuiona kompyuta. Aliiona Dar es Salaam, kwenye semina, kupitia kioo, kwa muda ule ule unaomtosha askari kumwambia mtu asiegemee kioo. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Tanga, mpana, ambaye tumbo lake lilikuwa linaingia kikaoni kwanza kuona kama akidi imetimia. Alipenda kuwaambia watu wa Mbinga kwamba yeye amelelewa na bahari, na kwa kuwa watu wa Mbinga wamelelewa na mlima, hapakuwa na wa kumbishia.

Katika kikao cha kwanza mjumbe mmoja aliuliza kompyuta itatumia umeme upi, maana Mbinga nzima ilikuwa inawaka kwa koroboi.

"Umeme ni utekelezaji," alisema Mwenyekiti. "Sisi hapa ni sera."

Wakaingia kwenye kipimo. Mmoja akasema zihesabiwe kurasa. Mwenyekiti akakataa, akasema wenye mwandiko mkubwa watatuibia. Mwingine akasema aangaliwe mtafiti amesoma wapi. Hilo nalo likakwama, kwa kuwa wajumbe walianza kutazamana wao kwa wao wamesoma wapi. Mwishowe akaamka Mzee Othmar, mwakilishi wa chama cha kahawa, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelala kwa adabu, kidevu juu ya mkongojo.

"Kwani buni mnaipimaje?" akauliza.

Wajumbe wakaona aibu. Jambo lilikuwa mbele ya macho yao siku zote. Buni ikichumwa inamwagwa majini. Nzima inazama. Tupu, iliyoliwa na mdudu, inaelea, nawe unaiengua unaitupa. Maji hayaulizi huyu mtoto wa nani.

"Maji hayana shemeji," alisema Mzee Othmar, akarudi kulala.

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akasema hicho ni kipimo cha kujitegemea, hakikuagizwa ng'ambo. Osward akaandika: *Chochote kitakachopimwa kitatumbukizwa majini. Kitakachozama kimefaulu. Kitakachoelea kiondolewe mara moja.*

Siku ya kupima walikutana kwenye birika la saruji la kuoshea kahawa. Andiko la kwanza lilikuwa la vipimo vya mvua, ndani ya jalada lenye vyuma. Likazama moja kwa moja, likapewa daraja la kwanza. Baadaye lilipoanikwa ilionekana kwamba ndani yake hamkuwa na kitu, kwa kuwa mwaka ule mpima mvua alikuwa likizo, lakini matokeo yalikuwa yameshatoka.

Akafuata Hilari, bwana shamba, kijana mwembamba mwenye viatu vya matairi. Andiko lake lilikuwa karatasi chache, jepesi, juu ya miche mipya ya kahawa iliyokuwa inajaribiwa kama inastahimili ule ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado mbichi mtini. Likatumbukizwa. Likaelea kama jani la mgomba.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Hilari, "lakini hamjalisoma."

"Tukisoma tutapendelea."

"Basi lisukumeni kidogo. Lina hewa."

"Hewa ndiyo tunayoipima, kijana. Katibu, andika. Miche ing'olewe."

Osward alikuwa ameshaandika *Miche* kabla hajakumbuka miche yenyewe iko kwenye shamba la nani. Kalamu ikasimama. Ilikuwa kwenye shamba la Mama Kunigunda, mama yake mkewe.

Sasa, huyo mama mibuni yake yote ya zamani ilikuwa imeoza. Mteremko mzima, kuanzia kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mahindi, hadi kijitoni, ulikuwa umebaki na fito. Hiyo miche ya Hilari ndiyo iliyobaki kumfanya aitwe mkulima wa kahawa, na mwaka huu ilikuwa imebeba buni zake za kwanza, za kijani, ngumu, hazina doa. Aliyetakiwa kwenda kuing'oa, kwa mujibu wa kanuni alizoziandika mwenyewe, ni Katibu.

Habari zikafika mlimani kabla ya Katibu kufika nyumbani. Alikuta mkwe ameshakuja, ameketi uani juu ya kinu kilicholazwa, mgongo kwenye mlango. Osward akapita kwa nyuma, akaingia ndani, akajibanza nyuma ya mlango, maana mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi ana kwa ana. Flavia, mke wake, akabaki katikati kama simu ya posta.

"Shikamoo mama," Osward alisema kuuambia mlango.

"Mwambie mumeo marahaba," Mama Kunigunda aliiambia migomba. "Na mwambie nimesikia anakuja kuning'olea miche."

"Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama siyo mimi, ni maji."

"Mume wangu anasema ni maji."

"Mwambie maji hayakuja kuposa hapa. Aliyekuja kuposa ni yeye, na siku ile hakuelea wala hakuzama, alikaa kwenye kigoda akala kuku."

Flavia hakuona haja ya kurudia. Aliingia ndani kuchukua kikapu, akapita karibu na mumewe. "Ukishika jembe ukaenda kule," alimwambia polepole, "utafute na kamati ya kukupikia."

Osward hakulala vizuri wiki ile, ila wokovu ulikuja kutoka upande ambao hakuutegemea. Alikuja Romanus, bwana samaki wa Lituhi, kule ziwani, na andiko la usipa, wale dagaa wadogo: wanapungua au wameenda upande wa pili wa ziwa. Kwa kuogopa mvua ya njiani alikuwa amelifunga kwenye kipande cha wavu chenye vipande vyake vya risasi vya kuzamishia. Likatumbukizwa, likazama, wajumbe wakampa mkono wa pongezi. Romanus akaukataa mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sitaki ushindi huu. Kwetu kitu kikizama tunaita msiba. Nikirudi Lituhi niseme utafiti wenu umezama, watu wataanza kunyoa nywele."

"Kipimo ni kimoja kwa wote."

"Basi njoo upime mtumbwi wangu kwa kipimo hicho, halafu tupande wote."

Hoja ilikuwa nzito. Kamati ikakaa hadi jioni, ikatoka na Sera ya Kanda Mbili. Milimani, kinachozama kimefaulu. Ziwani, kinachoelea kimefaulu. Mpaka ni kijiji cha Litumbandyosi. Wajumbe wa Litumbandyosi wakauliza wao wafanyeje, wakaambiwa kwao kitu kisizame wala kisielee, kisimame katikati. Wakaenda kujaribu. Mpaka leo hakuna utafiti uliofaulu Litumbandyosi.

Osward aliyasikia hayo yote, mkono ukaandika wenyewe. Kesho yake utafiti wa Hilari ulikuwa umehamishwa masjala, kutoka kanda ya mlima hadi ya ziwa. Ukaitwa *Utafiti wa Miche, Tawi la Ziwani, lililopo mlimani kwa muda*. Sababu ilielezwa kitaalamu kabisa: kijito kinachopita shambani kwa Mama Kunigunda kinashuka mwishowe hadi ziwani, na kahawa ni nani ajitenge na maji yake. Mwenyekiti akasaini bila kusoma, kwa kuwa alikuwa na msimamo wa kutopendelea. Andiko likapelekwa Lituhi, likawekwa juu ya maji, likaelea kama lilivyoelea Mbinga, likafaulu. Mama Kunigunda akamtuma Flavia na jogoo. Jogoo alifikishwa bila maelezo.

Basi kompyuta ikaja.

Meli kutoka bandari ya Itungi ilitia nanga mbele ya Lituhi siku moja yenye jua na ziwa limetulia. Kamati nzima ilikuwa imeshuka. Mzee Othmar alikuwepo. Hilari alikuwepo. Mama Kunigunda naye alikuwepo, ameomba lifti nyuma ya lori la mahindi ili amwone huyo mgeni atakayehudumia miche yake. Alisimama mchangani, amempa Katibu mgongo, naye Katibu amempa mgongo, Hilari katikati. Ilitazamiwa kwamba mchana afisa wa mkoa angefika kushuhudia makabidhiano.

Kasha likateremshwa kwenye mtumbwi mkubwa. Mabaharia wanne walilishika, na bado mtumbwi ulilalia upande. Likafunguliwa ubao mmoja watu waone: chuma cha kijivu chenye vitufe, kama cherehani iliyokatazwa kushona.

"Kabla ya kupokelewa," alisema Mwenyekiti, "kila mtambo unaochipukia unapimwa. Katibu, kipimo cha hapa kinasemaje?"

"Huku ni ziwani, ndugu. Uelee."

Watu wakalitazama kasha, wakautazama mtumbwi uliolala upande.

"Hiki ni chuma, Ndugu Mwenyekiti," alisema Romanus. "Chuma na ziwa hawajawahi kuelewana."

"Tukiupandisha Mbinga tukaupimie kwenye birika?" aliuliza Hilari. "Kule utazama, utafaulu."

"Hauwezi kupanda Mbinga kabla ya kupokelewa," alisema Mwenyekiti, "na hauwezi kupokelewa kabla ya kupimwa." Alifurahi kidogo aliposema hivyo, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Akatembea mchangani, mikono nyuma. Akageuka. "Katibu, andika tamko. Kuanzia sasa hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo, Lituhi iko milimani."

Osward akaandika. Tamko likasomwa kwa kipaza sauti. Wananchi walilipokea kwa utulivu. Mama mmoja, Otilia, aliyekuwa anageuza usipa juu ya mkeka, akamwambia jirani yake, "Mwaka juzi tulipohamishwa tulibeba hadi milango. Leo wametuhamisha tumekaa. Serikali inajifunza."

"Baridi itaanza lini?" aliuliza jirani.

"Subiri, itatangazwa."

Mtumbwi ukainamishwa. Kompyuta ikaingia majini bila kusita, ikazama wima, kwa heshima zote za mtumishi anayejua kazi yake. Mapovu yakapanda kwa muda, yakakoma. Mzee Othmar, ambaye katika maisha yake alikuwa ameona buni nyingi zikizama lakini hakuna iliyozama namna ile, alivua kofia.

"Daraja la kwanza," alitangaza Mwenyekiti. Kamati ikapiga makofi.

Ni Hilari aliyemgusa Osward kiwiko. "Katibu. Kama Lituhi ni mlimani, lile andiko letu lililoelea hapa je?"

Osward akafunua daftari lake. Mwenyekiti, ambaye ubaya wake ni kwamba alikuwa mtu nadhifu, alishafika hapo mwenyewe.

"Na kwa kuwa sera haibagui andiko la zamani na mtambo wa leo," alisema, "lile andiko la miche lililoelea Lituhi limeelea milimani. Limefeli. Katibu, kesho asubuhi utapita ung'oe. Nitakupa Landirova."

Nyuma ya Hilari, Mama Kunigunda alijitanda khanga upya. "Mwambie mkwe wangu," alisema akiwa ametazama milimani, "akija, asije na Landirova. Aje kwa miguu, ili majirani wapate nafasi ya kumtazama."

"Mama anasema..."

"Nimesikia, Hilari."

Ndipo gari la mkoa likafika. Aliyeteremka ni Ndugu Emerensiana, mwanamke mfupi mwenye miwani, na sauti ya mtu aliyewahi kufundisha darasa la kwanza. Akasalimia wazee, akatazama mtumbwi, akatazama ziwa.

"Kompyuta iko wapi?"

"Imefaulu, ndugu," alisema Mwenyekiti.

"Nimefurahi. Iko wapi?"

"Chini, ndugu. Daraja la kwanza."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ziwa lilikuwa lile lile. "Aliyeipima ni nani?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mwenyekiti, kwa kuwa Katibu alikuwa ameanza kuandika jibu.

"Basi itoe."

Watu wote wa Mbinga wakamgeukia mtoto wa bahari. Hapakuwa na njia. Mwenyekiti akavua viatu, akavua soksi, akamkabidhi Osward saa yake, akapanda mtumbwi wa Romanus hadi pale mapovu yalipotokea. Akajitosa. Maji yakapanda juu, yakarudi, na Mwenyekiti akarudi pamoja nayo. Akainamisha kichwa ajizamishe: miguu ikapanda. Akaishusha miguu: tumbo likapanda. Alipiga maji kwa bidii ambayo kikaoni haikuwahi kuonekana, lakini ziwa lilikuwa linamrudisha juu kila mara, kama mtu anayekataa zawadi. Mwishowe akalala chali, anapumua, mviringo, tumbo juu ya maji.

Kisha Mzee Othmar, kwa sauti ya kazi ya miaka yote, bila kinyongo na mtu, akasema, "Engua."

Ndugu Emerensiana akageuka. "Katibu, sera yenu inasema nini kuhusu kinachoelea milimani?"

Osward akaifungua sera, ingawa alikuwa anaijua kwa moyo. "'Kitakachoelea kiondolewe mara moja.'"

"Inahusu na watumishi?"

"Imeandikwa 'chochote kitakachopimwa', ndugu."

"Na hapa ni mlimani?"

"Tangu asubuhi, ndugu."

Sauti ikaja kutoka majini. Maji hupeleka maneno vizuri, na Mwenyekiti alikuwa amesikia yote. "Katibu. Andika. Lituhi imerudishwa ziwani."

Osward akalowesha ncha ya penseli. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuwa makini kama wakati ule. "Kuanzia lini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi itakukuta umeshaelea mlimani, ndugu. Utakuwa umeshafeli."

Mwenyekiti akateleza kidogo, akapiga mguu. "Basi tangu jana."

"Tangu jana. Kwa hiyo andiko la miche, lililoelea hapa..."

"Limeelea ziwani. Limefaulu. Andika, mwanangu, maji yana baridi."

"Limefaulu. Miche isiguswe." Osward akaandika hayo kwa herufi kubwa, akapiga mstari. Nyuma ya Hilari khanga ikajitanda tena, taratibu. "Na kompyuta, ndugu? Nayo itakuwa imezama ziwani."

Mwenyekiti akahesabu njia zote, akazikuta zote ni maji. "Imefeli," alisema Mwenyekiti, akiiambia mbingu.

"Kilichofeli hakipokelewi," Osward alimweleza afisa, kama katibu anavyopaswa. "Iko kwenye kanuni."

"Kwa hiyo wilaya haijaipokea," alisema Ndugu Emerensiana.

"Haijaipokea, ndugu."

"Basi mkoa haujaitoa. Na meli imeshaondoka." Akafikiri, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata hesabu ikagawanyika bila kubaki. "Mali isiyopokelewa inabaki mikononi mwa aliyeishika mwisho. Ndugu Mwenyekiti atakaa Lituhi kuitunza mpaka ipande juu. Katibu atakaimu kiti."

Mchana ule Landirova ilipanda Mbinga. Kiti cha mbele, alichozoea kukaa Mwenyekiti, alikaa Mama Kunigunda, kwa kuwa Kaimu Mwenyekiti hakuweza kukaa karibu naye wala kumtangulia. Kaimu alikaa nyuma kabisa, mgongo kwa mkwe, uso kwa ziwa, saa ya mkuu wake mkononi, anatazama wanavyomvuta mtu pembezoni mwa mtumbwi.

Romanus alimsaidia kupanda. Otilia aliwaletea khanga kavu, akasimama maji magotini, akamtazama mkazi mpya wa Lituhi akitetemeka juu ya ubao, hana viatu, hana saa, tumbo limelowa. Mwenyekiti akauliza, kwa sauti iliyobaki na heshima kidogo, yeye sasa atafanya kazi gani hapa.

Otilia akamwokotea kasia.

"Huku kwetu ziwani, ndugu," akamwambia, "anayeelea ndiye anayepiga makasia."